Ushauri Tele, Choo Hakuna

Mwanaume akitoka kikaoni mara tatu, watu husema ana simu nyingi, mtu wa mipango huyo. Mwanamke akitoka mara mbili, kikao kizima kinageuka kliniki. Akirudi kitini anakuta ameshapimwa, ameshaandikiwa dawa, na akiwa na bahati mbaya mtoto ameshapewa jina. Mimi nina umri wa kuitwa bibi bila mtu kuniomba radhi, lakini juzijuzi mhasibu wetu, binti aliyemaliza chuo jana, alinivuta pembeni akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mama, au tukupongeze?" Unipongeze kwa lipi, mwanangu? Kwa kwenda kukojoa?

Nimechoka. Nchi hii sijui kama kuna jambo lenye wataalamu wengi kama mkojo wa mwanamke. Jirani yangu wa ukuta mmoja ana hakika kwamba ni UTI. Kwake yeye kila kitu ni UTI, hata mwanawe akifeli hesabu. Shangazi yangu wa Tanga hataki kusikia habari za maabara. Anasema nilikaa sakafuni msimu wa kipupwe, baridi ikanipanda, basi nikae juu ya mvuke wa majani anayoyajua yeye. Muuza dawa wa pale kona ana neno moja tu, chango, na chupa moja tu, inayotibu chango, mgongo, nuksi na kukosa ajira. Nilipomuuliza inatibuje, akaniambia nitakojoa sana, uchafu wote utoke. Kijana, kukojoa sana ndiko kulikonileta hapa.

Wifi yangu ndiye pekee aliyenyamazisha baraza. Amekulia Kanda ya Ziwa, kwenye mpunga, na swali lake lilikuwa kama nimewahi kushinda nimesimama kwenye maji ya majaruba. Yeye utotoni alipata kichocho, akakojoa damu, na shuleni kwao walikuwa wengi wa namna hiyo, kiasi kwamba watoto waliona ni sehemu ya kukua. Mdudu mwenyewe alishajulikana tangu 1851, alipotambuliwa Cairo na daktari Mjerumani, Theodor Bilharz, na dawa yake, prazikuanteli, ni vidonge tu. Bado kuna wanawake watu wazima huko na huku Pwani wanaotibiwa UTI mwaka hadi mwaka, na hakuna aliyewauliza walioga wapi walipokuwa wadogo. Mimi majarubani sikupita, lakini swali lake lilikuwa na akili kuliko chupa ya pale kona.

Sasa katika umati huo wote wa wataalamu, mtafute mwenye choo. Hapo ndipo utakapowajua watu.

Mjini hapa kila ukuta una maandishi: USIKOJOE HAPA, FAINI 50,000. Pengine wameongeza na matusi. Nimeyasoma maandishi hayo miaka yote nikiwa nimebana mapaja kwenye foleni ya magari, na kila mara nagundua kwamba hayanihusu. Hakuna mwenye ukuta aliyewahi kuhofia kwamba nitasimama pale. Mwanaume anakatazwa kukojoa ukutani. Mwanamke hakufikiriwa kabisa. Tena ukuta huo huo, pamoja na faini yake, umelowa hadi kwenye chapa ya herufi.

Vyoo vya kulipia vipo, sisemi havipo. Stendi moja ninayoipitia kuna meza mlangoni, juu ya meza vipande vya tishu vimeshakatwa na kukunjwa, kila mtu chake, na nyuma ya meza kijana asiyekuwa na chenji. Bei ni mia tatu. Ukimpa mia tano anaiangalia, anakuangalia, anaanza kupekua droo polepole, maana anajua wewe ndiye mwenye haraka. Mwenye kibofu cha kawaida atasubiri chenji yake. Mimi hulipa mia tano siku zote, na kwa hesabu za mwezi nadhani kijana yule ameshanunua bati.

Halafu kuna safari. Dar es Salaam hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, na mtu mwenye kibofu changu haanzi safari hiyo alfajiri basi linapoondoka. Anaianza jana yake mchana kwa kukataa chai, kukataa supu, na kukataa tikiti maji hata kama limekatwa kwa heshima yake. Anapanda basi akiwa mkavu. Ajabu ni kwamba ukavu wenyewe haumsaidii: mkojo ukikolea unakichokoza kibofu, kinaanza kudai kutoka wakati hakina cha maana ndani. Kwa hiyo unaona kiu, kichwa kinagonga, na haja iko palepale.

Konda anapotangaza "kuchimba dawa, dakika tano!" dakika hizo zimepimwa kwa mwanaume. Yeye anashuka, anasimama upande wa tairi, anamaliza, anawasha sigara na bado ana nafasi ya kupatana bei ya vitunguu. Sisi tunaruka mtaro, tunapenya miba, tunatafuta kichaka ambacho basi lililotangulia halijakitumia. Halafu ni zamu: mmoja anachuchumaa, mwenzake amemkingia khanga, wa tatu analinda upande wa pili asitokee mchunga ng'ombe. Nimepata marafiki wa kudumu kwa njia hii, wanawake nisiowajua majina ila naijua rangi ya khanga zao. Wa mwisho katika zamu ndiye mwenye bahati mbaya, kwa sababu honi inalia akiwa katikati ya jambo, na jambo lenyewe halina breki.

Lakini balaa lenyewe liko mbele, Mikumi. Barabara inakatiza katikati ya hifadhi kwa karibu kilomita 50, na humo hakuna kushuka kuchimba dawa. Nilikwenda chooni Msamvu, Morogoro, kabla hatujaingia. Naomba lieleweke hilo. Nilikwenda, nikamaliza, nikanawa. Twiga wa kwanza alipoonekana, mwili ukasahau kwamba Morogoro ipo.

"Konda, mwanangu, simamisha kidogo."

"Mama, tuko hifadhini. Hairuhusiwi."

"Dakika moja tu."

"Mama, humu kuna simba."

"Kati yangu na huyo simba, nani mwenye shida zaidi?"

Basi zima likacheka, kisha, kama desturi ya taifa hili, likaanza kunitibu. Mzee wa siti ya nyuma akasema ningejisaidia Msamvu. Mama mmoja mwenye kapu akasema hiyo ni sukari, nikapime. Kijana mwenye spika za masikioni akazitoa kwa ajili hiyo tu, akasema bibi yake alikuwa hivihivi, na hakumalizia bibi yake aliishia wapi. Tulipotoka hifadhini nilikuwa nimeshapewa magonjwa matano na muhogo mkavu wa kutafuna, maana unakausha. Konda alisimamisha gari kwenye kituo cha kwanza kilichokuwa na nyumba. Mungu amjalie mke mwema. Nilirudi ndani watu wakanipigia makofi.

Baada ya safari ile nikaenda hospitali, mradi watu wanyamaze. Nikapewa kikopo. Choo cha kukojolea kwenye hicho kikopo kilikuwa kimefungwa, na funguo alikuwa nazo mtu wa usafi, naye amekwenda kunywa chai. Wazia: nimekuja kwa sababu siwezi kubana, nimeagizwa nisubiri, na mkononi nimeshika kikopo kinachonikumbusha. Alipofika akanipa funguo kwa masharti nisichafue.

Majibu yalitoka kwa mtindo unaojulikana: "Una UTI, lakini kidogo." Vidonge vya siku tano. Havikusaidia. Nikarudi, nikapewa vingine vikali zaidi, navyo vikanivuruga tumbo tu, mkojo haukubadilisha ratiba. Kumbe hakuna aliyekuwa ameuotesha mkojo wangu aone kama kuna mdudu anaota, na kama yupo, anakufa kwa dawa gani. Kuotesha kunachukua siku kadhaa, na sisi tunataka majibu kabla muhogo haujaiva. Matokeo yake wadudu wanazizoea dawa, na siku UTI ya kweli ikija, inazikuta dawa zimeshadharauliwa.

Simaanishi UTI ni hadithi. Mwanamke ameumbwa karibu na matatizo: mrija wake wa mkojo una urefu wa kama sentimita nne, wa mwanaume unafika kama ishirini, kwa hiyo mdudu wa utumbo anayetaka kupanda kwetu safari yake ni fupi mno. Mkojo unaochoma, unaonuka, tumbo chini linauma: hiyo kapime. Ukiongeza homa na maumivu ya kiuno upande mmoja, usingoje Jumatatu. Ila mimi sikuwa na hata kimoja cha hivyo. Nilikuwa na mkojo tu, wa kawaida, wa rangi ya kawaida, usio na adabu ya saa.

Aliyenisaidia mwishowe alikuwa nesi mtu mzima, wa umri wangu, kwenye kliniki nyingine. Wa kwanza kuniuliza maswali kabla ya kunijibu. Nakunywa chai vikombe vingapi? Nakunywa dawa za presha? Maana kuna zile zinazofanya kazi kwa kuutoa mkojo, na mtu akizimeza jioni atalala na viatu mlangoni. Miguu inavimba mchana? Maji yaliyojaa miguuni yanarudi kwenye damu ukilala, figo zinayapokea, na saa nane za usiku unaamshwa. Nina kiu ya ajabu, nimepungua? Akanipima sukari, haikuwepo. Uvimbe kwenye kizazi? Hapo akanichorea. Kizazi cha mwanamke ni mpangaji wa ghorofa ya juu na kibofu kinaishi chini yake, kwa hiyo kila anachoingiza mpangaji yule, mimba au uvimbe, dari ya kibofu ndiyo inayobonyea. Na sisi wanawake weusi uvimbe huo tunaupata sana kuliko wengine, akasema, hivyo nikapige picha. Nikapiga. Kizazi kikaonekana kitupu, kimestaafu kwa heshima.

Kustaafu kwenyewe nako kuna athari. Hedhi ikikoma, homoni zinashuka, na nyama laini za mrija na kibofu zinakonda, zinakuwa nyepesi kuchokozeka. Hili shangazi hakunitajia, na ukizingatia yeye ndiye aliyenifunda, namdai maelezo.

Kisha nesi akanipa kazi ya nyumbani. Siku tatu niandike kila ninachokunywa na kila ninachokojoa, kwa kupima. Kwa kupima! Nikachukua jagi la plastiki lenye mistari ya mililita. Mzee wangu nyumbani hakuambiwa. Aliingia msalani, akatoka amelishika jagi, akauliza kwa utulivu wa mtu anayeogopa jibu: "Mama watoto, hili si ndilo lile la juisi ya ukwaju?" Nikamwambia lilikuwa. Tangu siku hiyo anakunywa maji ya chupa, tena anakagua kizibo.

Daftari langu nesi alilisoma kwa kalamu nyekundu, kama mwalimu. Mtu mzima kwa kawaida anakwenda haja ndogo mara sita hadi nane kwa saa ishirini na nne, akasema, ingawa inategemea anakunywa nini. Kibofu kinaweza kubeba karibu nusu lita bila ugomvi, na kinaanza kukukumbusha kikiwa na mililita 150 au 200. Changu kilikuwa kinapiga kelele kwa kiasi ambacho kingeenea kwenye kikombe cha kahawa ya mtaani. Akaniambia hakina ugonjwa, kina papara. Misuli yake inajikunja kabla ya wakati. Na aliyekifundisha papara ni mimi, kwa ile tabia ya kupitia chooni "kabisa", hata bila haja, kila nikikiona choo. Kibofu kikishazoea kumwagwa kidogokidogo, kinasahau kujaa.

Nikamwangalia. Dada yangu, nilimwambia, mimi naishi mji ambao ukikiona choo kilicho wazi, kina maji na mlango unaofunga, unakwenda. Ungekuwa wewe ungekipita? Usiulize una haja au huna. Uliza lini utakiona kingine. Akacheka mpaka akavua miwani. Kisha akaniandikia tiba: haja ikija, nichelewe kidogo, dakika chache, wiki inayofuata niongeze, mpaka kibofu kijifunze. Tiba nzuri, haina gharama. Sharti lake ni moja, kwamba hizo dakika chache zikiisha pawe na choo. Tiba yenyewe imeandikwa kwa mtu ambaye choo chake kiko ng'ambo ya korido. Mimi korido yangu ina foleni ya Ubungo katikati.

Wakati huohuo ofisini kumeingia chupa. Zimeandikwa saa ubavuni: saa tatu unywe hadi hapa, saa sita hadi pale, jioni umalize lita mbili au tatu. Mabinti wanazibeba kila waendako. Nimejaribu kuwaambia kwamba ushauri wa lita mbili na nusu ulitoka kwenye bodi ya lishe ya Marekani mwaka 1945, na bodi hiyohiyo iliandika kwamba sehemu kubwa ya maji hayo tayari imo kwenye chakula. Ugali una maji, mchuzi ni maji, chungwa ni maji. Watu wamebeba sentensi ya kwanza, ya pili wameiacha mezani. Kunywa ukiwa na kiu, mkojo ukiwa na rangi hafifu inatosha, jasho la Februari utaliongezea mwenyewe. Lakini wapi. Ofisi ina chupa kumi na choo kimoja cha wanawake, na mimi ndiye ninayetazamwa kwenye foleni kwamba naenda sana.

Ukumbi wa harusi nao usiniulize. Umebanwa na kikaza tumbo, juu yake gauni la sare lenye mkia, vyoo vya wanawake ni viwili na kimoja kimejaa kreti za soda. Foleni inafika kwenye meza ya keki. Wanaume wanaingia na kutoka kwao wakipiga miluzi. Nasikia jiji la New York lilipitisha sheria mwaka 2005 kwamba baa, kumbi na viwanja vipya vijenge vyoo viwili vya wanawake kwa kila kimoja cha wanaume. Mtu alikaa chini, akawaza kuhusu gauni, akapiga hesabu. Kwetu kamati ya harusi inakaa miezi minne kujadili rangi ya vitambaa vya viti.

Katika tiba za nesi, kilichobaki ni mazoezi. Mwaka 1948 daktari wa wanawake Mmarekani, Arnold Kegel, aliandika kuhusu mazoezi ya misuli ya sakafu ya nyonga: unakaza kama unayezuia mkojo, unahesabu sekunde kadhaa, unaachia, unarudia, siku baada ya siku kwa miezi. Usifanye ukiwa chooni unakojoa kweli, nesi alisisitiza, maana unakichanganya kibofu. Uzuri wake ni kwamba unaweza kufanya popote bila mtu kujua.

Hilo la bila mtu kujua nalikataa. Mimi nafanyia kwenye daladala ya Tabata, nimesimama, nimeshika bomba, na uso wangu hauwezi kutunza siri. Nikikaza, nyusi zinapanda na mdomo unajikunja. Siku ya kwanza kijana mmoja aliyekuwa amekaa alinitazama nikihesabu hadi nane, akaingiwa na hofu, akainuka: "Bibi, kaa, kaa hapa, umechoka." Hajawahi mtu kunipisha siti katika daladala hiyo tangu ianze njia, hata nilipokuwa na mimba ya miezi tisa. Nikakaa. Siku hizi ikija imejaa, naanza mazoezi kabla ya kupanda.